Kilomita Nyingi, Chaji Moja

Swali la leo limetoka Kikoneni, hapa Kwale. Ameliuliza dereva anayebeba wageni wa hoteli za Diani. Kila siku huamka kwake Kikoneni, huteremka pwani, hushinda barabarani, na usiku hurudi kulala kwake. Kwa siku hukata kilomita 200, na msimu wa wageni hupita hapo. Gari lake la sasa ni la petroli tupu na limeshachoka. Ameona haibridi ile ya kuchomeka kwenye umeme, na muuzaji amempa maneno ambayo wengi wenu mmeshayasikia: gari hili limetengenezewa watu wanaotembea sana, kwa hiyo kadiri utakavyotembea ndivyo utakavyookoa.

Ndugu yetu anataka kujua kama ni kweli. Nami nataka tulipime neno hilo taratibu, kwa sababu pesa hii ni ya jasho, na mkopo wa sako una tarehe yake ya kulipwa kila mwezi. Ninachoamini nakisema mapema. Kwa gari la aina hii, wingi wa kilomita peke yake hautoi jibu. Cha kuangalia ni kilomita ngapi zinapita baina ya chaji moja na nyingine, gari linalala wapi, linasimama wapi mchana, na nani anayenunua tokeni za umeme.

Tuanze na gari lenyewe, maana kuna magari ya aina tatu ambayo watu huyachanganya. Kuna haibridi ya kawaida, kama Toyota Aqua au Axio haibridi mnazoziona Ukunda. Hiyo haichomekwi popote. Ina injini ya petroli, ina mota ya umeme na betri ndogo. Ukikanyaga breki au ukishuka mteremko, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Umeme wake wote asili yake ni petroli uliyotia sheli. Kuna gari la umeme mtupu, lisilo na injini hata kidogo. Katikati ya hayo mawili ndiyo hii tunayoizungumza, haibridi ya kuchaji: injini ipo, tangi lipo, lakini betri ni kubwa zaidi na ubavuni kuna kifuniko cha kuchomeka waya. Ikiwa imejaa chaji, inatembea kwa umeme mpaka betri ipungue, kisha injini inawaka na gari linaendelea kama haibridi ya kawaida.

Kwa mfano Toyota Prius PHV iliyotoka Japani kuanzia 2017 ina betri ya kilowati-saa 8.8. Kwa kipimo cha Wajapani, betri hiyo iliandikiwa kilomita 68. Kipimo hicho hufanywa ndani ya maabara, hakuna jua la saa nane mchana, hakuna abiria wanne na masanduku yao, na kiyoyozi hakikuwashwa tangu asubuhi. Hapa kwetu, kwa gari lililokwisha tumika miaka kadhaa, mimi ningehesabu 40. Ukipata zaidi, shukuru Mungu, lakini usipange maisha yako juu ya hiyo zaidi.

Sasa tumfuate ndugu yetu barabarani. Anatoka Kikoneni alfajiri, betri imejaa. Anateremka mpaka kwenye barabara kuu ya Lunga Lunga, anaipita Ramisi na mashamba yake ya miwa, anaipita njia ya Msambweni, anaipita Gazi. Kutoka kwake mpaka Ukunda ni zaidi ya kilomita 40. Kwa maneno mengine, kabla hajafika Ukunda, kabla hajabeba mgeni hata mmoja anayelipa, chaji yote ya usiku imekwisha. Tangu hapo mpaka usiku anaporudi kwake, gari ni haibridi ya kawaida iliyobeba betri kubwa iliyo tupu. Akimpeleka mgeni uwanja wa ndege wa Moi, ni kilomita 40 hivi kwenda na 40 kurudi. Akizunguka Diani, ni nyingine 20 au 30. Jioni anarudi Kikoneni, tena kwa petroli.

Tukae kwenye hesabu kidogo. Tuchukue petroli shilingi 180 kwa lita, ingawa bei ya EPRA, mamlaka ya nishati, hutangazwa upya kila tarehe 14 ya mwezi, na wengi mnakumbuka Oktoba 2023 ilipofika 217 Nairobi. Tuchukue umeme wa nyumbani shilingi 30 kwa yuniti, kodi na tozo zote ndani. Gari dogo la petroli tupu la injini ya 1500 linalotembea kilomita 14 kwa lita litakunywa lita 14 na kitu kwa kilomita 200. Hiyo ni shilingi 2,570 kwa siku. Haibridi ya kawaida inayotembea kilomita 20 kwa lita itakunywa lita 10, shilingi 1,800. Haibridi ya kuchaji, ukiichaji usiku mmoja, itatembea kilomita 40 kwa yuniti kama saba na nusu za ukutani, yaani shilingi 225, na zile 160 zilizobaki zitakula lita 8, shilingi 1,440. Jumla 1,665.

Tazama tofauti zilipo. Kutoka petroli tupu kwenda haibridi ya kawaida unaokoa shilingi 770 kwa siku. Kutoka haibridi ya kawaida kwenda ile ya kuchaji unaokoa shilingi 135. Faida kubwa iko kwenye hatua ya kwanza, na hatua hiyo haihitaji waya wala soketi. Kwa siku 300 za kazi katika mwaka, ile ya kwanza ni shilingi 231,000. Ile ya pili ni 40,500. Kama haibridi ya kuchaji imezidi bei ya mwenzake kwa laki nne, itakuchukua karibu miaka kumi kuirudisha hiyo laki nne. Na kwa mwendo wa kilomita 60,000 kwa mwaka, miaka kumi ni kilomita laki sita. Hakuna anayenunua gari lililotumika kwa matarajio hayo.

Hapo ndipo neno la muuzaji linapoanguka. Kadiri ndugu yetu anavyoongeza kilomita bila kuongeza chaji, ndivyo sehemu ya umeme inavyozidi kuwa ndogo. Akitembea 100, umeme ni asilimia 40. Akitembea 200, ni asilimia 20. Akipata wageni wa kwenda Tsavo na kurudi, umeme hautafika hata asilimia 10. Waya unampa faida anayerudi mara kwa mara kwenye soketi, na anayekwenda mbali bila kurudi anabaki na uzito wa betri.

Na uzito huo si kidogo ukiingia kwenye magari makubwa. Mitsubishi Outlander PHEV inapendwa, na kwa haki yake: iko juu, inavuta kwa magurudumu manne, na barabara ya matope wakati wa masika haiiogopi kama Prius inavyoiogopa. Ile iliyotoka 2018 ina injini ya lita 2.4, betri ya kilowati-saa 13.8, na uzito wake unakaribia tani mbili. Betri ikiisha, injini ile inazikokota tani hizo zote. Ukiipa kilomita 45 za umeme na kilomita 12 kwa lita baada ya hapo, kilomita 200 zitakugharimu karibu shilingi 2,685. Hiyo inazidi lile gari dogo la petroli tupu tulilolihesabu mwanzo. Kama unahitaji gari la juu kwa sababu ya njia yako, hiyo ni sababu nzuri ya kulinunua, ila usijiambie umelinunua ili kuokoa mafuta.

Jambo hili Wazungu wamelipitia kabla yetu, na matokeo yake yameandikwa. Ulaya, serikali nyingi ziliyapunguzia kodi magari haya, na kampuni zikayanunua kwa wingi kuwapa wafanyakazi wao wanaosafiri sana: wauzaji, mainjinia, mameneja. Mwaka 2022 shirika la utafiti la ICCT pamoja na taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani walikusanya takwimu za matumizi halisi barabarani. Walikuta kwamba wenye magari yao binafsi waliendesha kwa umeme asilimia 45 mpaka 49 ya kilomita zao. Waliopewa magari na kampuni waliendesha kwa umeme asilimia 11 mpaka 15 tu. Magari hayo ya kampuni yalikuwa yanakunywa lita 7.6 mpaka 8.4 kwa kilomita 100, wakati makaratasi rasmi yalisema lita 1.6 au 1.7. Machi 2024 Tume ya Ulaya nayo ilitoa takwimu zilizosomwa na vipimo vilivyomo ndani ya magari yenyewe, na ikakuta hewa chafu inayotoka barabarani ni mara tatu na nusu ya ile iliyoandikwa.

Kwa nini? Sababu moja ni ile tuliyoiona, kwamba wanatembea mbali. Sababu ya pili ndiyo inayonihusu zaidi, kwa kuwa iko hapa Kwale pia. Mfanyakazi wa kampuni alikuwa na kadi ya mafuta iliyolipwa na mwajiri. Umeme wa nyumbani aliulipa mwenyewe. Basi kwa nini achomeke? Mafuta ya bosi, tokeni zake.

Leta hilo Ukunda. Magari mengi yanayobeba wageni si ya wanaoyaendesha. Kuna mwenye gari, kuna dereva. Mwenye gari anatia mafuta, au anapiga hesabu ya mafuta jioni na kutoa kwenye mapato. Gari linalala kwa dereva. Ukimletea dereva huyo haibridi ya kuchaji, umemwambia anunue yuniti saba na nusu kila usiku kwenye mita yake, ile ile ya taa na friji na chaji ya simu za watoto. Ni shilingi 225 kwa siku, zaidi ya 5,500 kwa mwezi wa siku 25. Isitoshe, mita ya nyumba ndogo iliyokuwa ikilipa bei nafuu ya watumiaji wadogo sasa inarukia daraja la juu, kwa hiyo hata umeme wa taa zake unapanda bei. Dereva huyo hatachomeka, na mimi simlaumu. Mwenye gari anayetaka kununua haibridi ya kuchaji ampe dereva pesa ya tokeni kila siku, au aweke mita ya gari peke yake na kuilipa mwenyewe. Bila mapatano hayo waya utakaa chini ya zulia la buti mpaka gari liuzwe tena.

Ndugu yetu wa Kikoneni ameniambia gari litakuwa lake mwenyewe, kwa hivyo hilo amelivuka. Linabaki la umeme wenyewe. Kuchaji gari kwa soketi ya kawaida ya pini tatu ni kuvuta ampea 10 kwa saa tatu na zaidi mfululizo, kila usiku. Pasi inavuta hivyo dakika chache ikizima na kuwaka, hii haizimi. Ekstensheni nyembamba ya dukani itapata moto, plagi itaanza kubadilika rangi kuwa ya hudhurungi, na siku moja utasikia harufu ya plastiki usiku. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, waya mnene, na uwe na athi ya kweli iliyozikwa ardhini. Na ukumbuke kwamba magari haya yametoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100 au 200 na plagi zao si kama zetu. Usimruhusu mtu akate kichwa cha waya wa Kijapani na kufunga plagi ya pini tatu kwa kubahatisha. Mwonyeshe fundi maandishi ya volti na ampea yaliyo kwenye kile kisanduku cha waya kabla ya kugusa chochote.

Stima kupotea je? Hapo lazima niwe muadilifu kwa gari hili, kwani ndilo linalolipita gari la umeme mtupu. Ijumaa ile ya tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote ililala gizani, na haikuwa mara ya mwisho. Mwenye gari la umeme mtupu aliyeamka Jumamosi na betri tupu alibaki nyumbani. Mwenye haibridi ya kuchaji alitia petroli akaenda kazini. Kwa mtu wa Kikoneni, ambaye mgeni wake ana ndege ya asubuhi na hawezi kumwambia subiri stima irudi, hilo lina thamani ambayo hesabu yangu ya shilingi haikuiweka.

Umeme wa bei nafuu pia upo, kwa anayeweza kuufikia. Mwaka 2023 EPRA iliweka bei maalumu ya kuchajia magari: shilingi 16 kwa yuniti saa za kawaida, na shilingi 8 saa za usiku ambapo matumizi ni machache, kabla ya kodi na tozo. Siku za kazi, saa hizo ni kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na huo ndio wakati gari la ndugu yetu limelala. Ila bei hiyo inataka mita yake peke yake. Kwa gari moja linalovuta yuniti saba na nusu, uzito wa kushughulikia mita ya pili unaweza kuzidi faida. Kwa mwenye magari matano yanayolala uwanja mmoja Ukunda, mambo ni mengine kabisa, na huyo ningemwambia aulize Kenya Power wiki hii hii.

Na wale mnaouliza kuhusu sola juu ya paa: jua la Kikoneni ni zuri na paneli zinafanya kazi. Tatizo ni saa. Jua linawaka mchana wakati gari liko Diani. Gari linarudi usiku wakati paneli zimelala. Utahitaji betri nyingine kubwa nyumbani ya kuhifadhi, na hapo gharama inakimbia. Baadhi ya Prius PHV zilikuja na paneli juu ya paa la gari lenyewe. Hizo zinaongeza kilomita chache tu kwa siku hata zikianikwa juani kutwa.

Mpaka hapa huenda mkadhani nalichukia gari hili. Silichukii hata kidogo. Fikirini muuguzi anayeishi Kikoneni na kufanya kazi hospitali ya rufaa ya Msambweni. Safari yake ya kwenda haizidi chaji moja. Gari linasimama kutwa nzima kwenye maegesho wakati yeye yuko wodini. Akipatiwa soketi pale, kwa malipo ya haki, anakwenda kwa umeme na kurudi kwa umeme. Tangi lake la petroli litamtosha wiki nyingi, na akitaka kwenda Mombasa mwisho wa juma hana wasiwasi. Kilomita zake kwa mwaka si haba, na karibu zote ni za umeme. Au fikirini gari la hoteli linalochukua wageni kiwanja cha ndege cha Ukunda na kuwapeleka kwenye hoteli za ufukweni. Safari fupi fupi, na baina ya ndege moja na nyingine gari linasubiri mlangoni mwa hoteli. Kila kungoja ni nafasi ya kuchomeka. Gari hilo laweza kukata kilomita 100 kwa siku na petroli isiguswe sana.

Kwa hivyo hata ndugu yetu ana njia. Akipata mahali Diani pa kuchomeka kwa muda wa saa tatu na nusu mchana, wakati wageni wako baharini, chaji zinakuwa mbili kwa siku. Kilomita 80 za umeme, shilingi 450. Kilomita 120 za petroli, shilingi 1,080. Jumla 1,530. Dhidi ya haibridi ya kawaida anaokoa shilingi 270 kwa siku, 81,000 kwa mwaka, na ile laki nne ya ziada inarudi ndani ya miaka mitano. Hapo pana mazungumzo. Lakini soketi hiyo lazima iwe ya uhakika. Asinunue gari kwa kutegemea askari wa geti atakayemfumbia macho achomeke nyuma ya jiko.

Akilinunua, ajifunze kuuweka umeme mahali pake. Magari haya yana kitufe cha kuliambia gari litumie petroli sasa na kuhifadhi betri. Kwenye barabara iliyonyooka, kama kutoka Ramisi kuja Ukunda, au barabara ya Dongo Kundu ambayo sasa inatupeleka Miritini bila kupanda feri, injini ya petroli iko kwenye mwendo inaoupenda. Umeme una faida zaidi Ukunda mjini, kwenye matuta, na kwenye foleni ya Likoni, pale ambapo gari la petroli huunguza mafuta limesimama. Mwenye busara atateremka kutoka Kikoneni kwa petroli, na kuutumia umeme wake kwenye msongamano. Ila ahakikishe umekwisha kabla ya kurudi nyumbani, kwa maana chaji unayorudi nayo usiku ni chaji usiyoweza kuijaza tena.

Na betri inazeeka. Joto ndilo adui yake mkubwa, na sisi joto tunalo mwaka mzima. Shirika la viwango, KEBS, haliruhusu gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa, kwa hivyo magari mengi yanayoshuka bandari ya Kilindini yana miaka sita au saba, na betri yake ina umri huo huo. Ukiichaji mara mbili kwa siku, ni mara 600 kwa mwaka. Kabla ya kulipa, chaji gari lijae mbele ya macho yako, liendeshe kwa umeme mpaka injini iwake, na usome kilomita zilizopita. Likikupa 25, faida ya kuchaji niliyoihesabu leo ipunguze kwa zaidi ya theluthi. Mlete pia fundi mwenye mashine ya kusoma betri kupitia ile plagi iliyo chini ya usukani. Fungua buti, inua zulia, uangalie kama waya wa kuchajia umekuja na gari, kwa sababu mengi hufika bila huo.

Kuna kitu kidogo ambacho watu wa barabara za vumbi wanakisahau, na kinahusu haibridi zote, za kuchaji na zisizo za kuchaji. Katika haibridi nyingi za Toyota, ubavuni mwa kiti cha nyuma, chini karibu na mlango, pana matundu yenye wavu. Hapo feni huvuta hewa ya ndani ya gari kuipoza betri. Vumbi jekundu la njia zetu huingia na miguu ya abiria na kukaa kwenye ule wavu kama pamba. Mgeni naye huweka mkoba wake pale pale. Hewa ikikosa njia, betri inachemka, na baada ya miezi taa ya onyo inawaka kwenye dashibodi. Kusafisha wavu huo ni kazi ya dakika chache na brashi laini, kila mwezi. Waliopuuza wamejikuta wakiulizia bei ya betri nzima.

Basi, ndugu yangu wa Kikoneni, kama gari lako halina pengine pa kuchomeka isipokuwa kwako usiku, na mwendo wako ni huu ulionieleza, mimi ningekununulia haibridi ya kawaida, yenye injini isiyozidi 1500 ili ushuru nao upungue, kwani ukivuka hapo ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 20 hadi 25, na Prius PHV ni ya 1800. Tangu mwishoni mwa 2018 hata Probox inatengenezwa ya haibridi, na Probox hatuhitaji kufundishana kuhusu njia za Kikoneni. Ile laki nne ya tofauti ipunguze kwenye mkopo.

Na nyinyi wenye hoteli za Diani, neno langu la mwisho liko kwenu. Madereva wanaowaletea wageni wanakaa chini ya miti yenu kwa masaa. Wekeni soketi nne pale wanapoegesha, zenye mita ndogo ya kuhesabu, na dereva alipe kila yuniti aliyoivuta. Wengi wenu mna paneli za sola juu ya mapaa, na mchana umeme wake unatoka kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Mkifanya hivyo, mwaka ujao dereva wa Kikoneni akiniuliza swali hili hili, nitamjibu vingine.